“Si Waweke Tu Lifti?” Kiti Mwendo na Stesheni Kongwe za Treni za Chini ya Ardhi

Paris ilipoandaa Michezo ya Paralimpiki mwaka 2024, wageni wengi waligundua jambo ambalo wakazi wenye ulemavu wa mji huo hawakuhitaji kuambiwa. Metro ya Paris ina stesheni zaidi ya 300, lakini mtu anayetumia kiti mwendo anaweza kuutegemea mstari mmoja tu wa metro hiyo mwanzo hadi mwisho: wa 14, uliofunguliwa mwaka 1998. Kwingine kwingi utakutana na ngazi. Zikatafutwa teksi na mabasi maalumu ya kuwasafirisha watu, na swali likabaki midomoni: mji tajiri namna hii, wenye wahandisi wa kila fani, si waweke tu lifti?

Swali si la kijinga. Kinachopotosha ni lile neno “tu”. Lifti ndiyo sehemu ya kazi inayoonekana, na mara nyingi ndiyo sehemu ndogo.

Tuanze na maneno. Kiti mwendo, ambacho wengine hukiita kiti cha magurudumu, hakina haja ya maelezo. Jukwaa ni pale abiria wanaposimama kusubiri treni. Kinacholeta mkanganyiko ni “stesheni isiyo na ngazi”, kwa sababu watu wawili wanaweza kulitamka neno hilo kila mmoja akiwa na maana yake. Wa kwanza anamaanisha unaweza kutoka barabarani ukafika jukwaani bila kupanda wala kushuka ngazi. Wa pili anamaanisha unaweza kutoka barabarani ukaingia ndani ya behewa. Kati ya maana hizo mbili pana nafasi ya kiganja kimoja au viwili, na hicho kiganja ndicho kinachoamua kama mtu atasafiri au atabaki akiitazama treni ikiondoka.

Ramani ya treni za chini ya ardhi za London huzitofautisha kwa rangi. Alama nyeupe ya kiti mwendo ndani ya duara la buluu maana yake unafika hadi ndani ya treni. Duara likiwa jeupe na alama ikiwa ya buluu, unafika jukwaani tu. Mengine utayajua mlango wa treni ukifunguka. Nimewaona watu wazima wenye akili zao wakiisoma ramani hiyo kwa miaka bila kujua kwamba rangi hizo zina maana. Hawakuwahi kuhitaji kujua.

Ichukulie safari ya mtu wa kiti mwendo kama maji kwenye bomba. Bomba likitoboka mahali pamoja maji hayafiki, hata kama sehemu nyingine zote ni mpya. Stesheni ya Covent Garden katikati ya London ni mfano mzuri. Ina lifti kubwa, na abiria hushauriwa wazitumie kwa sababu ngazi zake za kuzunguka ni 193. Lakini lifti hizo zikishakushusha, kati yako na jukwaa zimebaki ngazi nyingine chache. Kwa mwenye miguu yake, ngazi hizo hazina hata kumbukumbu. Kwa mwenye kiti mwendo, stesheni nzima imefungwa.

Kwanza walichimba mtaro

Ili kuelewa kwa nini lifti ni kazi, inabidi kujua stesheni hizi zilichimbwaje. Zipo namna mbili kubwa.

Namna ya kwanza ni mtaro. Unaipasua barabara, unachimba, unajenga kuta, unaweka reli, unafunika juu, barabara inarudi. Ndivyo ilivyojengwa reli ya kwanza ya chini ya ardhi duniani, iliyofunguliwa London Januari 1863 kati ya Paddington na Farringdon. Metro ya Paris ya mwaka 1900 na ile ya New York ya mwaka 1904 zilifuata kwa sehemu kubwa njia hiyo hiyo. Treni zilifuata barabara kwa sababu ya kawaida kabisa: kupita chini ya nyumba ya mtu kulihitaji fidia na mabishano, na chini ya barabara hakukuwa na mwenye nyumba wa kugombana naye. Barabara ilipokata kona, reli nayo ikakata kona. Jukwaa nalo likapinda. Nitarudi kwenye hilo jukwaa lililopinda, maana lina balaa lake.

Namna ya pili ni kutoboa. Unashuka kwenye shimo refu, kisha unachimba handaki la duara kwa chini kabisa bila kuigusa barabara. London ilifungua reli ya kwanza ya umeme ya aina hii mwaka 1890. Na hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalitarajii: stesheni zake zilikuwa na lifti. Lifti za nguvu ya maji, na abiria karibu wote walizitumia, kwa kuwa hakuna aliyetaka kushuka ngazi za ghorofa kadhaa asubuhi na kuzipanda tena jioni.

Halafu zikaja ngazi za umeme. Za kwanza katika reli za London ziliwekwa Earl’s Court mwaka 1911. Hazina haja ya kusubiriwa, hazijazi watu ndani ya chumba, zinameza umati bila kusimama. Stesheni moja baada ya nyingine ikaziba mashimo ya lifti na kuweka ngazi za umeme. Kwa wasafiri wengi yalikuwa maendeleo. Kwa mtu wa kiti mwendo ilikuwa ni mlango kufungwa, na sidhani kama kwenye mikutano ile kuna aliyekuwapo wa kulisema.

Kwa hiyo ule usemi kwamba “stesheni hizi ni za zamani mno, enzi hizo hawakuwa na lifti” hausimami. Mstari wa Victoria ulifunguliwa London mwaka 1968, zama za roketi za kwenda mwezini, na bado ulijengwa kwa kutegemea ngazi za umeme. Glasgow, yenye reli ya mwaka 1896 na stesheni 15 tu, ilifunga mtandao wote mwaka 1977 kwa karibu miaka mitatu ili uundwe upya. Ngazi za umeme ziliwekwa. Leo stesheni mbili tu, Govan na St Enoch, ndizo zinazofikika kwa lifti. Umri wa jengo unaeleza ugumu wa kazi. Hauelezi kwa nini nafasi ilipopatikana iliachwa ipite.

Lifti moja huwa lifti ngapi?

Turudi kwenye “waweke tu lifti”. Chukua stesheni ya kawaida ya mtaro: reli mbili katikati, jukwaa moja kila upande, na juu yake ukumbi wa tiketi. Lifti ya kwanza itoke barabarani hadi ukumbi wa tiketi. Ya pili itoke ukumbini hadi jukwaa la treni zinazokwenda mjini. Ya tatu hadi jukwaa la zinazotoka mjini. Hizo ni tatu kwa stesheni moja ndogo. Ikiwa ni stesheni ya kubadilishia mistari, hesabu inaongezeka kila mstari unapoongezeka, maana kila jukwaa linadai njia yake.

Sasa tafuta pa kuziweka. Chini ya barabara ya mji mkongwe hakuna udongo mtupu. Kuna mabomba ya maji safi, ya maji taka, ya gesi, nyaya za umeme, nyaya za simu, mengine yakiwa na umri mkubwa kuliko ramani zinazoyaonyesha. Kila kitu kilicho kwenye njia ya shimo lazima kihamishwe na mwenye nacho, kwa ratiba yake na kwa bei yake. Juu ardhini panahitajika mlango wa kutokea, na hapo pana duka, njia ya waenda kwa miguu, au jengo ambalo sheria inakataza kuligusa. Chini, shimo likishuka lazima litue mahali sahihi kati ya mahandaki mawili, likikosea kidogo limeingia kwenye ukuta unaobeba mzigo. Na jukwaa lenyewe linaweza kuwa jembamba kiasi kwamba ukiweka lifti, kiti mwendo hakina pa kupita kando yake. Kiti kinahitaji duara la kama mita moja na nusu ili kigeuke bila kuhangaika.

Haya yote yafanyike huku treni zikipita. Asubuhi abiria, jioni abiria. Mafundi wanapewa saa chache za usiku, na kabla ya alfajiri lazima vyombo viwe vimetolewa na umeme umerudishwa. Ni sawa na kubadilisha paa la nyumba ambayo wenyewe wamo ndani, wamelala, na hawataki vumbi.

Ndiyo maana gharama zinashtua. Baada ya swali la Paralimpiki kupamba moto, Valérie Pécresse, kiongozi wa mkoa wa Île-de-France, alizungumzia mpango wa miaka 20 wa kuifungua metro ya Paris, kwa makadirio ya euro bilioni 15 hadi 20. Mtu anaweza kuziona ni nyingi au ni chache. Mimi naona angalau ni tarakimu ya kazi nzima, siyo ya lifti tu.

Kile kiganja mlangoni

Tuseme lifti ipo na inafanya kazi. Umeshuka, uko jukwaani, treni imefika, milango imefunguka. Tazama magurudumu ya mbele ya kiti mwendo. Ni madogo na huzunguka kila upande, mengine hayazidi upana wa ngumi. Kati ya jukwaa na behewa kuna ufa. Gurudumu likigeuka kidogo tu wakati linavuka, linadumbukia humo. Kiti kinakwama nusu ndani nusu nje, mtumiaji anarushwa mbele, na king’ora cha kufunga milango kinaanza kulia. Ndiyo sababu utawaona wengine wakiingia kinyumenyume, magurudumu makubwa yakitangulia: hayo hayadumbukii kirahisi.

Ufa huo unatoka wapi? Hapa ndipo linaporudi lile jukwaa lililopinda. Chukua rula iliyonyooka uiegemeze kwenye ukingo wa sufuria kwa nje. Itagusa katikati, na ncha zake zitabaki hewani. Behewa ni rula, jukwaa ni sufuria. Haiwezekani kulijaza pengo hilo kwa zege, kwa sababu behewa linapoingia na kutoka linapita mle mle. Kwenye stesheni ya Bank, London, majukwaa ya mstari wa Central yamepinda hadi pengo linaonekana ukiwa umesimama mbali.

Halafu kuna kimo. Jukwaa linaweza kuwa juu au chini ya sakafu ya treni. Magharibi mwa London, kwenye njia ya kwenda Uxbridge, treni ndogo za mstari wa Piccadilly na treni kubwa za mstari wa Metropolitan hutumia majukwaa yale yale. Sakafu zake haziko kimo kimoja. Jukwaa likajengwa kimo cha katikati, kwa hiyo moja unaishukia na nyingine unaipandia, na hakuna iliyo sawa.

Hapa lakini dawa zipo, na nyingine ni rahisi. Sehemu ya jukwaa huinuliwa iwe na nundu, kama ya ng’ombe, ili milango michache ya treni ikutane nayo sawasawa. Mstari wa Victoria unazo. Au mfanyakazi huleta kibao cha kuvukia, anakilaza kati ya jukwaa na behewa, abiria anapita, kisha anaipigia simu stesheni ya mwisho wa safari wamsubiri na kibao chao. Tokyo, ambako treni za chini ya ardhi zilianza mwaka 1927, kazi ya kibao imekuwa sehemu ya kawaida ya siku: utamwona mhudumu amesimama mahali hasa mlango utakapofungukia. Udhaifu wa kibao ni kwamba kinamtegemea mtu. Mtu akichelewa, abiria anapitilizwa.

Mambo yanayosemwa sana

“Wajenge mteremko.” Kanuni za Marekani zinataka mteremko usiwe mkali kuliko sentimita 1 ya kushuka kwa kila sentimita 12 za kwenda mbele. Stesheni ya kina kifupi, mita 6 tu chini, itadai mteremko wa mita 72, bila kuhesabu sehemu tambarare za kupumzikia njiani. Stesheni ya Hampstead, ambayo ndiyo yenye kina kirefu kuliko zote London kwa zaidi ya mita 58, itahitaji karibu mita 700. Jaribu kuupanda kwa nguvu za mikono.

“Wasaidiwe kubebwa.” Kiti mwendo cha umeme peke yake kinaweza kufika kilo 100 na kuzidi, kabla mtu hajaketi. Wabebaji wanaumia, abiria anaweza kuanguka, na tukiyaacha hayo yote, hakuna mtu mzima anayependa kuinuliwa kama gunia mbele ya umati ili tu afike kazini.

“Kuna zile mashine za kupandisha kiti ngazini.” Zipo: sahani ya chuma inayoteleza kwenye reli iliyofungwa ukutani, kwa mwendo wa konokono, huku wapita njia wakikodoa macho. Seoul ilizitegemea sana. Mwaka 2002, kwenye stesheni ya Balsan, mtu mwenye ulemavu alianguka kutoka kwenye mashine ya aina hiyo akafariki. Mwaka mmoja kabla, Januari 2001, mama mzee alikuwa amefariki katika stesheni ya Oido baada ya kipandishio cha wima cha viti mwendo kuporomoka akiwa na mumewe; walikuwa njiani kwenda kwa watoto wao kwa sikukuu ya mwaka mpya. Vuguvugu la watu wenye ulemavu nchini Korea Kusini la kudai lifti za kweli lilipata nguvu kutokana na vifo hivyo, na kuanzia mwishoni mwa mwaka 2021 wanaharakati wake wamekuwa wakiingia na viti mwendo kwenye treni za asubuhi, saa za kukimbilia kazini, hadi treni zinachelewa. Kuna abiria waliokasirika. Wanaharakati wanajibu kwamba wao wamechelewa kwa miaka 20.

Ngazi za umeme zenyewe? Japani iliwahi kubuni za aina yake: mhudumu anafunga ngazi kwa wengine, vidato vitatu vinajipanga kuwa sakafu moja, kiti kinapakiwa, safari inaanza. Ni ubunifu wa kuvutia, ila ukihesabu muda na watu wanaosubiri utaelewa kwa nini lifti ilishinda.

Na lile la “watu wenyewe ni wachache”. Ukikaa jukwaani ukahesabu, hutawaona watu wa viti mwendo kwenye stesheni isiyo na lifti, bila shaka. Hata mto usio na daraja hauna wavukaji wa kuhesabu. Weka lifti halafu tazama foleni: mama mwenye kigari cha mtoto, mzee wa magoti, mwenye gongo, mwenye masanduku ya safari, aliyevunjika mguu wiki iliyopita. Mara nyingine malalamiko hugeuka, mtu wa kiti mwendo akikosa nafasi ndani ya lifti iliyodaiwa kwa jina lake.

Sheria nayo haieleweki vizuri. Wengi hudhani kwamba Marekani, tangu sheria ya haki za watu wenye ulemavu ya mwaka 1990, kila stesheni ililazimika kufunguliwa. Sivyo. Kwa stesheni zilizokuwapo tayari, ililenga kwanza zilizoteuliwa kuwa muhimu. Kisha ikaweka sharti jingine, ambalo ndilo lenye meno: ukikarabati sehemu, hiyo sehemu uifanye ifikike. New York ilikarabati ngazi za stesheni ya Middletown Road huko Bronx bila kuweka lifti, na mwaka 2019 mahakama ya shirikisho ikasema haikuwa halali, na kwamba gharama siyo kisingizio ikiwa kazi inawezekana kiufundi. (Stesheni hiyo iko juu ya nguzo, ila kanuni ni ile ile.) Mwaka 2022 yakafikiwa makubaliano ya kufungua asilimia 95 ya stesheni kufikia mwaka 2055, wakati huo zilizofikika zikiwa zaidi kidogo ya robo ya stesheni 472. Aliyezaliwa mwaka wa makubaliano atakuwa na miaka 33.

Ufaransa ilikwenda njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 2005 iliupa usafiri wa umma miaka 10 ujirekebishe, lakini ikaziweka kando reli za chini ya ardhi zilizokuwapo, mradi pawe na usafiri mbadala. Basi Paris ikawekeza kwenye mabasi, na yanafikika vizuri. Ndiyo asili ya mkanganyiko wa mwaka 2024: mji haukuwa umevunja sheria yake. Sheria ndiyo iliyoiacha metro nje.

Lifti ikilala

Kuna kitu hakionekani kwenye ramani yoyote. Lifti ni mashine, na mashine hulala. Mwenye miguu akikuta lifti mbovu hukunja uso akapanda ngazi. Mwenye kiti mwendo ambaye tayari yuko chini, jukwaani, hana pa kwenda isipokuwa kupanda treni tena hadi stesheni nyingine yenye lifti, ambayo inaweza kuwa mwendo mrefu kutoka alikokuwa anakwenda. Ndiyo maana watumiaji wazoefu huangalia hali ya lifti kwenye simu kabla ya kutoka nyumbani, kisha huangalia tena wakiwa ndani ya treni. New York ina magari ya kuwabeba watu mlango kwa mlango, lakini lazima uagize siku moja au mbili kabla. Hebu jaribu kuishi wiki moja ukijua tangu jana kila utakakokwenda leo.

Kwa hiyo anayeuliza “ni stesheni ngapi zina lifti” ameuliza nusu. Nusu ya pili ni lifti ngapi zinafanya kazi leo, na ikiharibika moja kuna ya pili?

Miji mikongwe inayojikongoja mbele ipo. Barcelona, iliyoanza mwaka 1924, leo sehemu kubwa ya stesheni zake zina lifti. London imefika takriban theluthi ya stesheni 272. Na mstari wa Elizabeth, uliofunguliwa mwaka 2022, una stesheni 41 na zote zinafikika bila ngazi hadi jukwaani, ingawa si zote unapoweza kuingia ndani ya treni bila kibao. Kile kiganja bado kipo.

Washington ilikuwa na bahati ya kuanza upya. Watu wenye ulemavu walikwenda mahakamani wakati reli ingali inachimbwa, na lifti zikaingia kwenye mpango wa stesheni zote. Reli ilipofunguliwa Machi 1976, stesheni moja katikati ya mji, Gallery Place, ilikuwa imekamilika isipokuwa lifti yake. Mahakama haikuruhusu itumike. Kwa zaidi ya miezi minane treni ziliipita bila kusimama. Lifti ikakamilika, na tarehe 15 Desemba stesheni ikafunguliwa kwa wote siku moja.